Nukta Tatu za Babu

SEHEMU YA KWANZA: JUMAMOSI

Karatasi ilikuwa ya daftari la stoo, imekunjwa robo, na mwandiko wa penseli ni uleule ambao Babu aliutumia miaka yote aliyotunza stoo bandarini Tanga: tarakimu zimesimama wima, hazigusani. Mraba wa vyumba 81, tisa kwa tisa. Vyumba 26 vilikuwa na namba. Vitatu kati ya vilivyo wazi vilitiwa nukta ya wino mwekundu pembeni. Chini yake maneno machache:

“Namba za vyumba vyenye nukta, kutoka juu kwenda chini, mpelekeeni Bakari. Nyumba hii ina jibu moja tu. Likishasemwa limesemwa.”

Mzee Bakari, fundi saa wa Barabara ya 9, ndiye aliyeleta bahasha Ijumaa baada ya Alasiri, arobaini ya marehemu ilipomalizika. Bahasha ilikuwa imegundishwa, na saini ya Babu imepita juu ya gundi. Alikaa kidogo barazani, akakataa chai. Alisema kasha analo yeye, kwamba Jumapili ikipita Isha anafunga duka, na alfajiri ya Jumatatu anavuka kwenda Pemba kwa mwanawe, moja kwa moja.

“Atakayekuja na namba nampa,” alisema. “Zikiwa siyo, kasha nakwenda nalo. Ndivyo alivyoniusia.”

Zaituni alikuwa mjukuu pekee aliyekaa na Babu barazani jioni baada ya jioni, penseli mkononi, wakati wenzake wako uwanjani. Huko kwao Ngamiani, Tanga, barabara zina namba badala ya majina, nazo zimenyooka, hivyo mtoto anajua mistari na safu kabla hajajua kusoma. Babu alikutana na sudoku mwaka 2005, mchezo ulipozagaa magazetini duniani kote, na hakuuacha tena. Alijifunza na habari zake: kwamba aliyeubuni ni Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa Indiana, Marekani, na kwamba mafumbo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1979 katika jarida la kampuni ya Dell bila jina lake. Wajapani wa kampuni ya Nikoli waliuchukua mwaka 1984, wakaupa jina tunalolijua, na miaka miwili baadaye wakajiwekea masharti ya ufundi, kama mshona kofia anavyojiwekea ya tundu zake: namba za kuanzia zisizidi 32, na zikae kwa ulinganifu. Babu aliyaheshimu masharti hayo kuliko sheria za serikali.

Juu ya yote aliheshimu moja. Fumbo la haki lina jibu moja, na jibu hilo linafikiwa kwa hoja. Mtu akibahatisha mbele yake alikuwa ananyang'anywa penseli.

Jumamosi asubuhi, vyombo vilipokwisha kuoshwa, Zaituni alitandika karatasi kwenye meza ya sebuleni, akaanza.

Tuhesabu mistari kutoka juu na safu kutoka kushoto, msomaji, ili twende pamoja. Sheria unaijua: kila mstari, kila safu na kila boksi la vyumba tisa lina 1 mpaka 9, bila kurudia.

Alianza na 4, kwa sababu zilikuwa nyingi. Mstari wa 1 una 4 upande wa kulia, mstari wa 2 una 4 katikati. Basi katika boksi la juu kushoto, 4 haina pa kukaa isipokuwa mstari wa 3. Hapo kuna vyumba vitatu. Cha safu ya 1 hakifai, maana safu hiyo ina 4 chini kwenye mstari wa 7. Cha safu ya 3 kimeshakaliwa na 1. Kimebaki cha safu ya 2, nacho kina nukta nyekundu. Akaandika 4. Nukta moja imejibiwa hata chai haijapoa.

Kisha fumbo likakaza. Hapa ndipo watu wengi wanapoanza kubuni, na hapa ndipo mchezo wenyewe unapoanza. Zaituni alifanya alivyofundishwa: katika kila chumba kilicho wazi aliandika kwa udogo namba zote ambazo bado zina haki ya kukaa humo. Kazi ya kuchosha, lakini ikiisha karatasi inaanza kusema. Mstari wa 2, vyumba vya safu ya 1 na ya 2 vilikuwa na 2 na 7, basi. Vyumba viwili, namba mbili zilezile. Hajui ipi inakaa wapi, ila anajua kwa hakika kwamba 2 na 7 za mstari huo zimeishia hapo. Kwa hiyo chumba cha safu ya 6, kilichokuwa na 2 au 5, kikabaki na 5. Kutojua kwake jambo moja kumemjulisha jingine, na mimi sijaona starehe ya akili inayopita hiyo.

Adhuhuri ikamkuta amekwama pabaya. Nukta ya pili iko mstari wa 1, safu ya 6, nayo ilikubali 1 au 8. Akaifuata 8 mstari kwa mstari. Mstari wa 4: 8 inaweza kukaa safu ya 6 au safu ya 9, kwingine hapana. Mstari wa 5: vilevile, safu ya 6 au ya 9. Alisita hapo, kalamu hewani. Ikiwa 8 ya mstari wa 4 iko safu ya 6, ya mstari wa 5 lazima iwe safu ya 9. Ikiwa kinyume chake, kinyume chake. Kwa vyovyote vile, safu ya 6 na safu ya 9 zimeshapata 8 zao ndani ya vyumba vile vinne. Chumba cha juu hakiwezi kuwa na 8. Ni 1.

Mbili zimejibiwa: 1, halafu 4. Baada ya hapo namba zilishuka zenyewe, boksi baada ya boksi, naye akawa hasikii hata cherehani ya mama yake chumba cha pili. Vyumba vikajaa, vikabaki vinne tu.

Ni vilevile vinne. Mstari wa 4 na wa 5, safu ya 6 na ya 9. Kila kimoja kikisema: 3 au 8.

Akajaribu kuweka 3 juu na 8 chini. Mistari ikatimia, safu zikatimia, maboksi yakatimia. Akafuta, akageuza. Yakatimia tena. Na nukta ya tatu ya Babu iko hapo hapo, mstari wa 4, safu ya 6.

“Una nini wewe, mbona umetoa macho?” Ni Idrisa, mtoto wa shangazi yake, mikono ina grisi ya mnyororo wa baiskeli. Naye alikuwa ameinakili karatasi usiku wa Ijumaa kwenye daftari lake, na alikwama kabla ya hapo.

“Lina majibu mawili, kaka. Ni 143 au 148.”

“Haiwezekani. Babu alisema namba 17 zinatosha. Hapa tumepewa 26.”

“Alisema chini ya 17 haiwezekani. Ndivyo walivyothibitisha kule Dublin mwaka 2012, Gary McGuire na wenzake, kwa kompyuta. Hawakusema ukizidi 17 umesalimika. Tazama mwenyewe: sasa hivi zimekaa 77, na bado majibu ni mawili.”

Idrisa akatazama. Alikuwa kijana mwenye pupa lakini si mjinga, akaona. Akatoa sarafu mfukoni.

“Basi nusu kwa nusu. Kichwa ni 143.”

“Weka mfukoni.”

“Zai, kesho Isha mzee anafunga.”

“Babu hajawahi kuandika fumbo la majibu mawili. Hata siku moja. Kuna namba ilikuwepo hapa, na sasa haipo.”

Akainyanyua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Palikuwa na tundu ukingoni, pale mkunjo unapoishia, kingo zake zimetafunwa. Aliliona tangu jana, akalidharau, maana mende wa nyumba hii wanakula chochote. Sasa akahesabu. Mstari wa 5. Safu ya 9.

Kimoja cha vile vinne.

“Ilikuwa hapa,” alinong'ona. “Mende wamekula namba. Ila ni ipi, 3 au 8?”

Idrisa hakujibu. Alikuwa ameinama upande wa pili, anasoma nyuma ya karatasi ambayo Zaituni alikuwa ameinyanyua.

“Mbona jibu liko hapa?” alisema.

Pembeni kabisa, kwa mkono wa Babu, imepigiwa mistari miwili chini yake, palikuwa na namba moja: 142.

Moja, nne, mbili. Mbili za mwanzo zilikuwa zilezile alizozipata Zaituni kwa jasho lake. Na ya tatu haiwezekani kabisa.


SEHEMU YA PILI: JUMAPILI

Idrisa alitaka waende na 142 asubuhi ileile. Mkono ni wa Babu, karatasi ni ya Babu, wangoje nini? Shangazi, aliyefika kutoka Muheza Jumamosi mchana, alimuunga mkono mwanawe. Mama hakusema kitu. Alirudi kwenye cherehani yake.

“Babu hakosei mstari,” Zaituni alisema. “Mstari wa 4 una 2 tayari, safu ya 4. Mbili mbili hazikai mstari mmoja. Hiyo si jibu.”

“Basi ni nini?”

Swali lilimkaa mpaka saa nne. Lililomfungua ni ile mistari miwili chini ya namba. Nani anapiga mistari miwili chini ya namba? Alikwenda kwenye kasha la vitabu, akatoa daftari moja la zamani la stoo: mifuko ya saruji, mapipa, kamba za katani. Kila ukurasa unaishia hivyo hivyo. Hesabu, mistari miwili. Babu hakuwahi kufunga ukurasa bila jumla, maana jumla ndiyo inayomwambia karani kwamba kuna kitu kimetoka stoo bila kuandikwa.

Akaketi akajumlisha namba zote zilizotolewa, 26, moja baada ya nyingine. Akapata 131. Akarudia kutoka chini kwenda juu. 131.

“Imepungua 11,” alimwambia Idrisa.

“Na tundu ni 3 au 8. Haiingii.”

“Inaingia. Haiingii kwa namba moja. Kaka, zimepotea zaidi ya moja.”

Ndipo yale masharti ya Nikoli yalipofanya kazi. Ulinganifu wanaousema ni huu: ukiigeuza karatasi juu chini, vyumba vyenye namba vinaangukia mahali palepale. Kila namba ina mwenzake upande wa pili wa kitovu. Zaituni akaigeuza na kuanza kuwaoanisha. Ya mstari wa 1, safu ya 7, na ya mstari wa 9, safu ya 3: wapo. Ya mstari wa 3, safu ya 3, na ya mstari wa 7, safu ya 7: wapo. Alipomaliza, mbili zilikuwa zimesimama peke yao. Mwenza wa kwanza alikuwa ni lile tundu. Wa pili alipaswa kuwa mstari wa 8, safu ya 5.

Akainamisha karatasi kando ya dirisha ili mwanga upite kwa ubavu. Nyuzi za karatasi pale zilikuwa zimesimama kama zimekwaruzwa. Mende hawatafuni namna hiyo. Huo ni ufutio.

Chumba hicho alikwishakijaza jana kwa hoja, na kilikuwa 3 katika majibu yote mawili. Toa 3 kwenye 11. Inabaki 8. Mende walikula 8. Basi nukta ya tatu...

“Mia moja arobaini na nane!” Idrisa aliruka. Zaituni aliandika kwenye kipande cha karatasi: 148. Jasho lilikuwa limemlowanisha ukaya.

Lakini hakuwa ametulia. Jambo jingine lilikuwa limemshika, na akili iliyozoea kukagua vyumba haiachi kimoja wazi. Nani alifuta?

Babu? Hapana. Karani akifuta namba anarekebisha jumla, na jumla haikuguswa. Mzee Bakari? Bahasha ilifunguliwa mbele ya wote, na saini ilikuwa haijakatika. Shangazi alikuwa Muheza mpaka jana. Idrisa? Aliiomba nakala yake. Kwenye daftari la Idrisa pia mstari wa 8, safu ya 5, palikuwa wazi, naye aliinakili Ijumaa baada ya Isha. Kwa hiyo namba ilifutwa kabla, kati ya Alasiri na Isha. Wakati huo Zaituni mwenyewe alikuwa akigawa sahani za watu kwa majirani, na karatasi ilibaki mezani, chini ya kioo. Na tena, anayeujua mchezo hafuti namba ambayo fumbo linaweza kuishi bila yake. Aliyefuta hakujua uzito wa anachokifuta, alitaka tu kuharibu.

Alikuwa amebaki mmoja. Mwenye penseli na ufutio kila siku, vya kuchorea vitambaa kabla ya kukata.

Cherehani ilikuwa imenyamaza tangu lini?

“Kaka Idrisa,” Zaituni aligeuka, “ngoja kwanza—”

Sebule ilikuwa tupu. Kipande cha karatasi hakikuwepo mezani. Nje kengele ya baiskeli ililia, ikapotea kuelekea Barabara ya 14.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia ingali shingoni.

“Umeshajua,” alisema.

“Nimejua, mama. Sijajua kwa nini.”

“Kwa sababu mna haki ya kujua kilichomo humo, lakini si kwa kukisoma kwenye kasha. Nilitaka nikwambie mwenyewe. Kila nikijaribu nashindwa.” Alikaa kwenye ukingo wa kiti. “Nisamehe, mwanangu. Nilidhani ukiondoa kidogo tu, halitafumbuka tena.”

“Limefumbuka. Ile moja uliyofuta haikuwa na nguvu.”

Mama aliinua uso.

“Sikufuta moja,” alisema. “Nilifuta mbili.”

Zaituni alisikia damu ikimshuka miguuni.

“Haiwezekani. Nimeoanisha zote. Ungefuta nyingine, mwenza wake angebaki peke yake, ningemuona.”

“Moja pale chini. Moja hapa.” Na kidole chake, chenye sugu za sindano, kikagusa karatasi katikati kabisa, pale mikunjo miwili inapokatana.

Mstari wa 5, safu ya 5. Kitovu. Chumba pekee katika vyote 81 ambacho ukiigeuza karatasi kinaangukia juu yake chenyewe. Hakina mwenza. Ulinganifu wote wa Nikoli haukuweza kumwambia kwamba pale palikuwa na kitu, na nyuzi zilizokwaruzwa zilijificha ndani ya mkunjo.

Macho yake yalikwenda kwenye namba aliyokuwa ameiandika humo jana: 5.

Kumi na moja, toa 3, toa 5.

Tatu. Mende walikula 3. Chumba cha safu ya 6 kwenye mstari huo kinakuwa 8, na cha juu yake, chenye nukta, kinakuwa 3. Jibu ni 143. Hesabu yake ya asubuhi ilikuwa sahihi hatua kwa hatua, isipokuwa ilisimama juu ya neno moja ambalo hakuwahi kulithibitisha: kwamba aliyefuta, alifuta mara moja.

Na Idrisa yuko njiani na 148.

Hakuvaa hata viatu. Mama alimwita, akaita tena, kisha akasikika naye anakuja nyuma. Barabara ya 14. Barabara ya 13, wachuuzi wa mihogo wakimpisha. Ya 12, baiskeli mbili nusura zimvae. Alikuwa akizihesabu zikishuka, kumi na moja, kumi, na pumzi inamkata ubavuni, mpaka akaona kibao cha saa na, chini yake, baiskeli ya Idrisa imelazwa ukutani, gurudumu la mbele lingali linazunguka.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani, Mzee Bakari alikuwa ameinuka kwenye kiti chake, na mbele yake, juu ya meza ya saa zilizofunguliwa, palikuwa na kasha la mvule lenye kufuli ya shaba.

“Haya, kijana,” sauti yake ilisikika. “Sema mara moja tu, na useme kwa sauti.”

“Kaka, usiseme!” Zaituni alipiga kelele kutoka barabarani, lakini pikipiki ilikuwa inapita.

“Mia moja,” Idrisa alisema, “arobaini na—”

Itaendelea wikiendi ijayo.